Kiazi kitamu kwenye maji kinaoza? Tunza rando, kiazi kitajiishia chenyewe

Dada wa Dodoma, nimeyasoma maelezo yako yote. Unakaa chumba kimoja cha kupanga, una dirisha moja, na ulitaka mmea wa kutambaa ndani usiokugharimu. Umetia kiazi kitamu kwenye glasi ya maji mara tatu, na mara zote tatu kimeoza kabla wiki mbili hazijaisha, maji yananuka hadi jirani wa chumba cha pili anauliza kuna nini. Unataka kujua kwa nini kinaoza, kama kweli mmea huu unaweza kudumu au ni pambo la mwezi mmoja, kama majani yake yanalika, na kama hayo maji hayatakuletea mbu. Nakujibu kwa yale niliyoyaona mwenyewe, maana rando langu la ndani, yaani shina la kiazi kitamu linalotambaa, limeshapita miaka minne na lilianzia kwenye kiazi kimoja.

Mimi ni fundi cherehani, nina fremu ya kushonea huku Temeke, Dar es Salaam. Mlango wa fremu unatazama mashariki, na juu ya meza ya kukatia kuna dirisha lenye nondo. Ukiingia leo utaliona rando linatoka kwenye chupa iliyo kwenye kona ya meza, limepanda kwenye nondo, limepita juu ya rafu ya vitambaa, limeizunguka saa ya ukutani, na ncha yake inaning'inia karibu na bega langu ninaposhona. Wiki iliyopita nililipima kwa tepu ileile ninayopimia wateja: mita 4 na sentimita 15. Wateja wananiuliza ni ua gani hili. Nikiwaambia ni matembele, wengine hawakubali hadi washike jani na kulinusa.

Ilianza Ramadhani ya 2021. Mke wangu alinunua mafungu mawili ya viazi vitamu vya futari, akawa anavipika kwa nazi. Idi ikapita, kimoja kikabaki nyuma ya ndoo ya unga bila mtu kukiona. Tulipokikuta kilikuwa kimetoa vinundu vya zambarau upande mmoja, na binti yangu akaomba tukitie kwenye maji tuone. Tukakitumbukiza chubwi ndani ya jagi, chote kikazama. Siku ya tisa maji yalikuwa meupe kama ya kuoshea mchele, na nilipokishika kidole kiliingia ndani. Kwa hiyo harufu unayoisema naijua.

Cha pili sikukizamisha chote. Nilikichomeka vijiti vya kuchokolea meno vinne, nikakiegemeza mdomoni mwa glasi kama watu wanavyoonyesha kwenye picha. Nacho kikaoza, ila hiki kilinifundisha kitu, maana kabla hakijaoza niliona vichipukizi vinajaribu kutoka chini, ndani ya maji, na vijizizi vyembamba vinatoka juu, hewani. Nilikuwa nimekisimamisha kichwa chini, miguu juu.

Hapo ndipo pa kuanzia. Kiazi kitamu ni mzizi. Kiazi mviringo, kile cha chipsi, ni shina lililonenepa chini ya ardhi, ndiyo maana kina macho kila upande. Kitamu ni mzizi uliojaza akiba, na mzizi una upande uliotoka kwenye mmea na upande uliokuwa unaelekea chini udongoni. Upande uliotoka kwenye mmea nauita kichwa: una kovu au kijiti kikavu pale ulipokatika na rando, na mara nyingi ndiko uliko unene. Upande wa pili ni mkia, unachongoka na kuishia na kijizizi kama uzi. Machipukizi hupendelea kichwani, mizizi hupendelea mkiani. Ukikosea, kiazi kinahangaika na unyevu unakishinda kabla hakijasimama. Ikiwa chako kimekatwa pande zote na hujui kipi ni kipi, kilaze kwenye sahani yenye kitambaa kibichi, subiri uone vinundu vinatoka wapi, ndipo ukisimamishe.

Jambo la pili ni kwamba kiazi ni kitu hai kinachopumua. Ngozi yake ikizama yote, ndani kunakosa hewa, chembe zinakufa, na vijidudu vya kuozesha vinapata chakula. Wewe umeandika kwamba maji yalifika "karibu na juu". Hilo peke yake linatosha kukuozeshea viazi vitatu. Maji yaguse mkia tu, vidole viwili, basi. Theluthi mbili za kiazi zibaki hewani kabisa. Mizizi ikishatoka itayafuata maji yenyewe hadi chini ya chupa. Kiazi hakihitaji kuogelea.

Sasa uchaguzi wa kiazi. Usichukue kile kilichosuguliwa kikang'aa. Kinapooshwa kwa brashi ngozi inachubuka, na kila mchubuko ni mlango. Mimi hununua kwa mama anayeuza viazi vikiwa bado na udongo, nachagua kigumu, cha ukubwa wa ngumi, kisicho na kidonda cha jembe. Kisha nakigeuzageuza kwenye mwanga kutafuta vitundu vidogo kama vya sindano. Vitundu hivyo ni vya fukusi. Mwaka 2022 nilikipuuza kitundu kimoja tu, nikakiweka kiazi mezani kisubiri chupa. Baada ya siku kadhaa nikaona wadudu weusi, wembamba, unaweza kusema ni sisimizi ila wana pua ndefu, wanatembea juu ya kitambaa cheupe cha shela ya mteja. Nilipokipasua kile kiazi, ndani kulikuwa na vijia vyeusi vimepishana kila upande na harufu kali ya uchungu. Kiazi cha fukusi hakiliki na hakifai kwa maji. Kichome moto au kizike mbali.

Kingine, kisiwe kimelala kwenye friji. Kiazi kitamu ni mtoto wa joto. Baridi ya chini ya nyuzi 10 inakiumiza ndani, nje kinaonekana kizima, ukikitia maji kinaoza bila sababu unayoiona. Ukishakinunua kipe kwanza siku 5 hadi 7 kivulini, mahali penye joto, kwenye mfuko wa karatasi. Michubuko midogo hufunga yenyewe kwa joto. Huku kwetu hewa ina unyevu, kazi inakuwa rahisi. Kwako Dodoma hewa ni kavu, ndiyo maana nasema kwenye mfuko, kisije kikanyauka.

Vijiti vya meno nimeviacha, na nakushauri uviache. Kila kijiti ni kidonda kinachokaa sentimita chache juu ya maji, na viazi vyangu viwili vilianza kuoza palepale kijiti kilipoingia. Chukua chupa ya maji ya kunywa ya lita 1.5. Ikate kwa mkasi chini kidogo ya mabega. Kile kipande cha juu toa kizibo, kigeuze, kikae ndani ya kipande cha chini kama faneli. Kiazi kinakaa ndani ya faneli, mkia chini. Jaza maji yapande yaguse mkia. Mizizi inapita kwenye shingo ya chupa na kushuka. Siku ya kubadilisha maji unainua faneli pamoja na kiazi, mizizi yote inakuja nayo bila kukatika. Kipande cha chini kivishe kitu kisichopitisha mwanga. Mimi nina vipande vya khaki nimeshona soksi ya chupa, lakini hata karatasi ya bahasha inatosha. Mwanga ukiingia kwenye maji unaota utando wa kijani, unaganda kwenye mizizi, na kila mara utakuwa unasugua.

Kiazi changu cha tatu, kile kilichofanikiwa, nilikiweka hivyo katikati ya mwaka 2021. Siku ya 6 niliona vinundu vyeupe pee vya mizizi, siku ya 10 mizizi ilikuwa imeshashuka kwenye shingo. Halafu kukawa kimya. Mizizi inaongezeka, juu hakuna kitu. Hapo wengi wanakata tamaa wanakitupa. Siku ya 17 kichwani pakatokea kichipukizi cha zambarau iliyoiva, kina vijijani viwili vimekunjamana kama kiganja cha mtoto mchanga. Wiki ya tano yalikuwa machipukizi saba. Nikayaacha matatu yenye nguvu, mengine nikayang'oa na kuyatia kwenye chupa nyingine.

Hesabu hizo ni za joto la Dar. Dada yangu aliyeko Makambako alijaribu mwezi wa saba, wakati wa baridi yao, na kiazi chake kikakaa wiki saba bila kuchipua. Akakihamishia kwenye rafu ya jikoni karibu na jiko la mkaa, wiki ya pili tu kikatoa. Kwa hiyo kama uko kwenye kipindi cha baridi kwako Dodoma, usiku usikiache kwenye kioo cha dirisha. Kirudishe katikati ya chumba.

Kuhusu maji yenyewe. Kisima tunachochotea hapa mtaani kina chumvi, na mwanzoni nilitumia hayo. Majani yakaanza kuungua pembeni, ukingo wa kahawia mkavu unaokatika ukiushika. Nilidhani ni jua. Nikahamia maji ya bomba, majani mapya yakatoka safi. Najua na kwako maji ya visima mengi yana chumvi, kwa hiyo angalia pembeni mwa majani, yatakwambia. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, chumvi inabaki, unakuwa umeyazidisha. Maji ya mvua ndiyo bora kuliko yote. Mvua zikianza jaza madumu mawili na uyafunike vizuri. Ya bomba yanayonukia dawa yaache kwenye beseni usiku mmoja ndipo utumie. Na yasiwe ya baridi ya friji.

Sasa mbu, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Mwaka 2019 homa ya dengue ilipolipuka Dar, kama ilivyokuwa imelipuka 2014, mke wangu aliugua. Siku sita hakuweza kuinua mkono kujimwagia maji, viungo vyote vilimuuma. Mbu anayeeneza dengue ni yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anauma mchana, na hapendi mitaro michafu. Anapenda maji safi yaliyotulia ndani ya chombo kidogo karibu na watu: tairi, kifuu, sahani ya chini ya ua, chupa ya ua. Yaani anapenda kitu hikihiki ninachokufundisha kutengeneza. Na hatagi mayai juu ya maji. Anayabandika ukutani mwa chombo, juu kidogo ya pale maji yalipoishia. Yale mayai yanaweza kukaa makavu miezi, yakisubiri maji yapande yayaguse ndipo yaanguliwe.

Kwa hiyo kuongezea maji tu ni kuyaangua mayai. Kumwaga na kujaza tena bila kusugua ni kumwaga viluwiluwi vya leo na kuacha vya wiki ijayo. Kutoka yai lianguliwe hadi mbu anaruka ni kama siku 7 hadi 10 kwenye joto letu. Kwangu siku ni Ijumaa, nikifunga fremu kwenda msikitini: nainua faneli, namwaga maji juani, nasugua ukuta wa chupa ndani kwa brashi ya chupa za watoto, nasuuza, najaza. Dakika nne. Na pale juu, kati ya kiazi na ukingo wa chupa, nimefunga kipande cha chandarua kuukuu kwa rababendi, nimekikata tundu ambalo rando linapita. Tangu nianze hivyo sijawahi kuona kiluwiluwi hata kimoja. Kama unajua hutaweza kushika siku moja ya wiki bila kukosa, tafadhali panda kwenye udongo, usiweke maji.

Sasa nifike kwenye swali lako kubwa, kama kinadumu.

Kilipofikisha mwezi wa tano chupani, yaani Oktoba 2021, kiazi changu kilianza kulegea. Nikikibonyeza kinabonyea kama mpira usio na upepo. Maji yakabadilika rangi siku mbili tu baada ya kubadilishwa. Rando lilikuwa limeshafika kwenye rafu, majani mapana ya umbo la moyo, zuri kweli, na chini yake kiazi kinakufa. Niliumia. Nilibadilisha maji kila siku, nikakatakata sehemu iliyooza, nikawa kama mtu anayeuguza.

Ndipo nikamkumbuka bibi. Mimi nimelelewa Sengerema, na bibi yangu alilima viazi maisha yake yote. Katika miaka yote ile sikumwona hata mara moja akipanda kiazi. Alipanda marando. Mvua zikikaribia anakata vipande vya kama sentimita 30 kutoka kwenye ncha, anavifunga mzigo, anavilaza kivulini, kesho yake anavichomeka kwenye matuta. Kiazi kwake kilikuwa cha kula, kukata michembe (vipande vinavyoanikwa vibichi) na kupika matobolwa (vinavyochemshwa kwanza ndipo vianikwe). Na shida yake kubwa ilikuwa kiangazi, maana shamba lote linakauka na marando yanakufa, mvua ikija huna mbegu. Kwa hiyo nyuma ya bafu, pale maji ya kuogea yanapotokea, alikuwa na kijitalu cha marando, kijani kibichi mwezi wa nane wakati kila kitu kimekauka. Sisi watoto tulikuwa tunachapwa tukikanyaga pale. Zile zilikuwa mbegu zake za mwaka mzima, zinaishi kwa maji ya kuogea.

Basi nikashika mkasi. Nikakata ncha tatu, kila moja na vifundo vitano au sita, vile vinundu ambapo jani linashikana na shina. Nikatoa majani ya vifundo viwili vya chini, utomvu mweupe ukanitiririka vidoleni, nikazitia kwenye chupa mpya zenye maji safi. Siku ya tatu, kwenye kila kifundo kilichozama palikuwa na vijizizi vyeupe vimesimama kama meno ya kitana. Siku ya nane ilikuwa mizizi ya urefu wa kidole. Kiazi nikakitupa siku hiyo, na mmea haukujua kama kimeondoka.

Hilo ndilo nililotaka kukwambia kuliko mengine yote. Kiazi ni chakula cha safari, si mmea. Kinakula akiba yake kuotesha rando, na akiba ikiisha kinaoza, hata ukikibembeleza vipi. Wanaosema pambo hili ni la miezi michache wanasema kweli kuhusu kiazi. Lakini rando likikatwa na kutiwa maji upya halina mwisho. Mimi kila miezi sita hivi, shina la chini likianza kuwa gumu kama kamba na majani ya huko yakipukutika, nakata ncha zenye afya na kuanza upya. Hili lililonizunguka leo ni la mara ya nane au ya tisa, na bado ni kiazi kilekile cha futari ya 2021.

Rando lisilo na kiazi halina akiba, kwa hiyo utalilisha kidogo. Utaona majani ya chini yanageuka manjano moja baada ya jingine huku ya juu yakiwa kijani: mmea unanyonya ya zamani ulishe mapya. Nunua mbolea ya maji ya kunyunyizia majani, ile ndogo kabisa dukani kwa pembejeo, weka robo ya kipimo kilichoandikwa, mara moja kila wiki mbili, siku hiyohiyo ya kubadilisha maji. Usizidishe, mizizi inageuka kahawia na kuteleza. Samadi usiitie kabisa, yurea pia niliijaribu na kilichofuata ni harufu tu. Zile ni kazi za udongo.

Mwanga uwe wa kutosha kusoma gazeti bila taa, jua la asubuhi ni zuri, jua la saa nane likipiga chupa moja kwa moja linayapasha maji moto na mizizi inapikika. Ukiona rando linarefuka haraka, limepauka, majani madogo na yameachana sana, linatafuta mwanga, lisogeze. Ukitaka liwe na matawi mengi badala ya kamba moja ndefu, kata ncha, vifundo vya chini vitatoa mapya. Rando la kiazi linapenda kutambaa chini, halijui kujishikiza vizuri, kwa hiyo lazima ulifunge. Usitumie uzi wa cherehani. Mimi niliutumia kwa sababu ninao mwingi, na shina liliponenepa uzi ukalikata kama kisu. Sasa nafunga kwa vipande vya pamba vya upana wa kidole, fundo legelege, kila nusu mita. Kwa chumba cha kupanga usichokuwa na ruhusa ya kupigilia misumari, fimbo ya pazia na nondo za dirisha zinatosha kabisa.

Ukiona sisimizi wanapanda kwenye vikonyo, usipulize dawa haraka. Pale kikonyo kinaposhikana na jani kuna vitezi viwili vidogo vinavyotoa utamu, nao wanaufuata huo. Hawaudhuru mmea. Wa kuwaogopa ni inzi weupe na vidung'ata, wale wenye unga mweupe kama pamba kwenye kona za majani. Wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kisha suuza kwa maji safi. Na kama majani mapya yanatoka yamekunjamana, madogo, na yamepauka hata baada ya kulisha na kubadilisha maji, huenda rando limekuja na virusi kutoka shambani. Hilo halitibiki. Litupe, anza na jingine.

Majani yanalika, ndiyo. Ni matembele kamili. Ila mimi silili la chupani, kwanza kwa sababu ya ile mbolea, na pili kwa sababu mmea mmoja wa ndani hautoi hata nusu sufuria. Nilichofanya ni kuchukua yale marando yanayozidi na kuyachomeka kwenye viroba viwili vya udongo nyuma ya fremu. Viroba vile vinatupa matembele karibu kila wiki mbili. Mke wangu anayaunga kwa nazi na dagaa. Lakini hapa niweke onyo: haya ni ya kiazi kitamu peke yake. Ukiotesha kiazi mviringo, majani yake na yale machipukizi ya kijani yana sumu, usiyale wala usimpe mtoto. Na kiazi kitamu kilichooza au kuota ukungu usimtupie ng'ombe, kinaweza kumdhuru mapafu.

Msomaji mwingine ameuliza kama chupani patapatikana viazi. Hapana. Mizizi ya majini inabaki myembamba na myeupe. Ili mzizi unenepe uwe kiazi unataka giza, udongo uliolegea na hewa ya kutosha, ndiyo maana bibi alipanda juu ya matuta, na sehemu ya shamba iliyotuamisha maji ilimpa mizizi kama penseli.

Sasa, dada, kwa kuwa umeshaozeshewa mara tatu na hutaki tena harufu, ningekuwa mimi nisingetafuta kiazi cha nne. Kesho asubuhi nenda sokoni mapema, matembele yakiwa yameshuka sasa hivi, yana umande. Kwangu fungu ni shilingi 500. Mwombe muuzaji akuchagulie yaliyokatwa na shina, siyo majani matupu. Tafuta ncha tatu zenye vifundo vinne au zaidi, shina likiwa gumu kiasi, lisilobonyea. Ukiweza kuchagua, chagua zile zenye majani yaliyogawanyika kama vidole, dirishani zinapendeza kuliko za moyo. Nyingine zote pika. Zile tatu zikate upya kidogo chini kwa kisu kikali, toa majani ya vifundo viwili vya chini, tia kwenye maji yaliyolala usiku, funga chupa kwa karatasi, funika mdomo kwa kipande cha chandarua. Siku mbili za kwanza zitalegea, majani yatainama utadhani zimekufa. Usizitupe, ziweke tu mbali na jua. Siku ya nne fungua ile karatasi uangalie vifundo, kisha uje utuambie umeona nini.